Sukari Iliyopanda Kidogo: Je, Njia ya Kuelekea Kisukari Ina Marejeo?

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 48, muuza nguo katika soko la Omurushaka wilayani Karagwe. Asubuhi moja, kabla ya kula chochote, anapita zahanati na kupimwa sukari. Anaandikiwa katika kikaratasi namba 6.4, anaambiwa, "Sukari yako imepanda kidogo, mama, punguza vitu vitamu," kisha anaitwa mgonjwa anayefuata. Akirudi sokoni anapata washauri watatu. Wa kwanza anamwambia kwamba tayari ana kisukari na anapaswa kuanza dawa leo. Wa pili anamwambia kwamba namba hiyo si kitu, aendelee na maisha yake. Wa tatu anamwonyesha chupa ya dawa ya majani na kumwahidi kwamba itamaliza sukari katika wiki mbili.

Wote watatu wamekosea. Mama huyu hana kisukari, lakini pia hayuko salama kama anavyodhani mshauri wa pili. Yuko katika hali ya kati, ambayo katika makala haya tutaiita hali ya kuelekea kisukari. Ni hali ambayo mtu anaweza kuitoka, tena mara nyingi bila kununua chupa yoyote. Tumeandika makala haya ili mwananchi wa Karagwe na Kyerwa anayepewa kikaratasi cha namna hiyo ajue kinasema nini, na ajue la kufanya kabla hajafungua pochi yake.

Kinachotokea mwilini

Chakula cha wanga, kiwe ndizi, ugali, muhogo au wali, huvunjwa tumboni na kuwa sukari inayoingia katika damu. Kongosho hutoa kichocheo kiitwacho insulini, ambacho kazi yake ni kubisha hodi katika milango ya seli za mwili ili sukari iingie na kutumika kama nguvu. Mtu anapoongeza mafuta ya tumboni, anapokaa muda mrefu bila kuutumikisha mwili, au anaporithi udhaifu huo kwa wazazi wake, seli huanza kuwa nzito kuitikia hodi. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini zaidi na zaidi. Kwa miaka kadhaa hufaulu, na vipimo huonyesha kwamba mambo ni sawa. Baadaye huanza kuchoka, na sukari hubaki katika damu kwa kiasi kidogo kuliko kisukari chenyewe lakini kikubwa kuliko kawaida.

Hatari ya hatua hiyo ni ukimya wake. Mtu haoni kiu isiyo ya kawaida, haendi haja ndogo mara kwa mara, wala hapungui uzito bila sababu. Anapoanza kuziona dalili hizo, mara nyingi ameshavuka na kuingia katika kisukari chenyewe. Kwa hiyo anayesubiri dalili ndipo apime huwa amekwisha kupoteza miaka ambayo ingekuwa rahisi zaidi kurudi nyuma.

Kusoma namba za kikaratasi

Nchini kwetu vipimo vingi huandikwa kwa milimoli kwa lita. Kwa mtu ambaye hajala kwa saa 8 au zaidi, Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari ya 6.1 hadi 6.9 kuwa hali ya kuelekea kisukari. Ikifika 7.0 na kuendelea, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ni kisukari. Wapo wataalamu wanaoanza kuchukua tahadhari tangu 5.6.

Kipimo cha pili hufanywa kwa kumnywesha mtu maji yenye gramu 75 za glukosi na kumpima tena baada ya saa 2. Matokeo ya 7.8 hadi 11.0 ni hali ya kuelekea kisukari, 11.1 na zaidi ni kisukari. Kipimo cha tatu, kiitwacho HbA1c, huonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3 iliyopita na huandikwa kwa asilimia. Hapo 6.5 na zaidi ni kisukari, na wataalamu wa Marekani huhesabu 5.7 hadi 6.4 kuwa hatua ya kuelekea huko. Hata hivyo, kipimo hiki cha tatu kinaweza kudanganya kwa mtu mwenye upungufu wa damu au selimundu, kwa kuwa husoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu. Mwenye hali hizo amweleze mhudumu kabla ya kupimwa.

Ukiona namba kubwa kama 115, usishtuke kabla ya kuangalia kizio. Baadhi ya mashine husoma kwa miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18, na 115 inakuwa 6.4, namba ile ile ya mama wa Omurushaka.

Kipimo kimoja cha kidoleni hakitoshi kutoa hukumu. Mtu aliyetoka kumenya ndizi mbivu au embe na kupimwa bila kunawa mikono anaweza kuonyesha sukari ambayo haimo katika damu yake. Homa, maambukizi na baadhi ya dawa pia huipandisha kwa muda. Chai yenye sukari iliyonywewa alfajiri huharibu kipimo cha kabla ya kula, ingawa maji matupu hayakiharibu. Tunashauri kipimo kirudiwe siku nyingine, mikono ikiwa imenawiwa kwa sabuni na kukaushwa, na matokeo yaandikwe pamoja na tarehe na maelezo kama ulikuwa umekula.

Nani ajipime bila kusubiri dalili

Watu wengi vijijini bado husema kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Zamani usemi huo ulikuwa na chembe ya ukweli. Utafiti uliofanywa katika vijiji 6 vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64 wa mijini na vijijini, ulikuta kiasi cha watu 9 kati ya 100. Tafiti hizo mbili hazikupima watu wa aina moja, kwa hiyo hatuwezi kuzilinganisha neno kwa neno, lakini mwelekeo wake uko wazi.

Tunamhimiza kupima kila mwenye umri wa miaka 45 na zaidi. Walio chini ya umri huo nao wapime ikiwa wana mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari, shinikizo la damu, au mzunguko wa kiuno unaozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Mama aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito asidhani kwamba kiliisha pamoja na uzazi. Yeye ni miongoni mwa walio katika hatari kubwa zaidi na anapaswa kupima mara kwa mara maisha yake yote.

Je, inawezekana kurudi nyuma?

Jibu ni ndiyo kwa wengi. Kwa wengine jibu ni kuchelewesha, na kuchelewesha nako ni faida kubwa.

Huko Da Qing nchini China, mwaka 1986 watu 577 waliokuwa katika hali hii waligawanywa katika makundi. Baadhi walifundishwa kubadili mlo, baadhi kufanya mazoezi, baadhi yote mawili, na wengine waliachwa na huduma ya kawaida. Mafunzo yaliendelea kwa miaka 6 tu. Watafiti walipowafuatilia hadi miaka 30, walikuta kwamba wale waliofundishwa walichelewa kupata kisukari kwa takriban miaka 4, na vifo vyao vitokanavyo na moyo na mishipa ya damu vilikuwa vichache zaidi.

Nchini Marekani, utafiti mkubwa wa watu 3,234 ulitoa matokeo yake mwaka 2002. Katika kila watu 100 ambao hawakubadili kitu, takriban 29 walipata kisukari ndani ya miaka 3. Kati ya waliopewa dawa ya metformini, walikuwa 22. Kati ya waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki, walikuwa 14. Jasho na sahani viliishinda dawa. Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kwamba hata mtu ambaye sukari yake ilirudi kawaida mara moja tu katika kipindi hicho alikuwa na hatari pungufu kwa zaidi ya nusu.

Msomaji anaweza kuuliza: je, hayo hayawahusu watu wanene wa nchi tajiri tu? Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2006 ulihusu watu 531 ambao wengi wao hawakuwa wanene kama wale wa Marekani. Katika watu 100 walioachwa kama walivyo, 55 walipata kisukari ndani ya miaka 3. Kati ya waliobadili mlo na mazoezi, walikuwa 39. Mabadiliko humsaidia hata asiye mnene.

Lazima tuseme pia upande wa pili. Wapo waliofanya kila waliloambiwa na bado wakapata kisukari. Hilo si aibu wala si adhabu, kwa maana urithi na umri havibishani na mtu. Tena kurudi kawaida si kupona moja kwa moja. Anayerudia mwenendo wa zamani huirudia na njia ya zamani. Kwa sababu hiyo hatutumii neno "tiba" hapa, na tunamwomba msomaji amtilie shaka kila anayelitumia.

Sahani ya nyumbani kwetu

Hakuna haja ya kununua chakula cha wagonjwa. Mlo wa Karagwe na Kyerwa, yaani ndizi zilizopikwa kwa maharage, una msingi mzuri. Ndizi mbichi iliyopikwa haipandishi sukari kwa kasi kama ndizi iliyoiva sana, na maharage yana protini na nyuzinyuzi zinazopunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu. Tatizo huwa ni kipimo: mlima wa ndizi na vijiko viwili vya maharage pembeni.

Tunashauri kuigawa sahani kwa macho. Nusu yake iwe mboga, kama mchicha, kisamvu, majani ya maboga, kabichi au nyanya chungu. Robo iwe maharage, samaki, dagaa, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Senene nao wana protini, ila wasikaangwe kwa kuongezewa mafuta. Robo iliyobaki ndiyo ya ndizi, muhogo, viazi vitamu, magimbi au ugali, na ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe. Mahali ambapo familia hula katika sinia moja, kila mtu akitengewa sahani yake kwa muda wa wiki chache atajifunza kipimo chake.

Vinywaji vinahitaji uangalifu zaidi kuliko chakula, kwa sababu humezwa bila kuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke chini ya gramu 25, yaani vijiko vidogo 6. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja kwa vijiko vitatu, ameshafika vijiko 9 kabla ya kula chochote. Kuhusu soda, soma lebo: kama imeandikwa gramu 10 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 350 ina gramu 35. Asali, sukari ya kahawia na juisi ya ndizi mbivu vyote ni sukari, hata kama ni vya asili. Rubisi nayo hubakiza sukari ya ndizi na kuongeza kilevi juu yake. Kahawa ya shambani kwako haina ubaya ikinywewa bila sukari.

Mwili kufanya kazi

Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Mkulima anayepanda vilima na kushika jembe kila siku ameshalipa sehemu kubwa ya deni hili. Lakini mwenye duka, mwalimu, fundi cherehani na kijana wa bodaboda anayekaa kitini tangu alfajiri hadi usiku wasijihesabu pamoja naye kwa sababu tu wanaishi kijijini. Lengo ni dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku 5 za wiki. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Kushuka kwenye pikipiki kabla ya kilima cha mwisho na kukimaliza kwa miguu kunahesabika.

Uzito, heshima na maneno ya watu

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilijui. Katika nchi ya Karagwe unene ulikuwa heshima. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke, alipokuwa mgeni wa Mukama Rumanyika, aliandika habari za wanawake wa jamaa ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hadi kushindwa kusimama wenyewe. Mpaka leo tunamsifu mtu kwa kumwambia amenenepa, maisha yamemkubali.

Kisha ikaja miaka ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na familia nyingi ziliwaona wapendwa wao wakikonda hadi kufa. Tangu hapo mtu anayepungua uzito hutazamwa kwa jicho la pembeni. Tunajua wapo wanaoambiwa wapunguze kilo chache na wakaogopa minong'ono ya majirani kuliko wanavyoogopa kisukari.

Kwa hiyo tunashauri jambo hili lisemwe wazi nyumbani mapema. Mweleze mwenzi wako, watoto na watu wa karibu: nimepimwa, nimeshauriwa kupunguza uzito, msishangae mkiniona. Kinachohitajika si kukonda. Kwa mtu mnene wa kilo 80, asilimia 5 hadi 7 ni kilo 4 hadi 5 na nusu tu, tena kwa miezi kadhaa. Asiye mnene hapaswi kujinyima. Kwake yeye kazi ni kupanga mlo na kuutumikisha mwili.

Kabla hujafungua pochi

Wasiwasi wa mtu mwenye namba ya kati ni soko zuri kwa wauzaji. Shika mambo yafuatayo.

Kwanza, uchungu haukati sukari. Imani kwamba kitu kichungu huondoa kitamu imeuza chupa nyingi, lakini ulimi na damu havifuati kanuni moja. Anayeahidi kumaliza sukari kwa wiki mbili anaahidi jambo ambalo hakuna utafiti tulioutaja uliolithibitisha.

Pili, dawa zinazouzwa nchini zinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na tiba asili zina Baraza lake. Uliza usajili, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na dai risiti. Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa bidhaa zinazopitishwa mkononi katika magulio na maeneo ya mpakani kama Murongo. Dawa isiyo na lebo unayoweza kuisoma usiinunue.

Tatu, metformini ni dawa halali na wakati mwingine daktari huitoa kwa mtu wa hali hii, lakini aamue daktari aliyekupima, si jirani aliyebakiza vidonge.

Nne, mwenye hali ya kuelekea kisukari kwa kawaida hahitaji mashine ya kupimia nyumbani. Vijiti vyake hugharimu fedha kila mwezi, na vilivyopitwa na muda hutoa majibu ya uongo. Kipimo cha kituoni mara moja kwa mwaka, au kama utakavyopangiwa na mhudumu, kinatosha kwa wengi.

Wakati wa kutosubiri

Ukianza kuona kiu kali, kukojoa mara nyingi hasa usiku, kupungua uzito usikotaka, macho kuona ukungu au kidonda kisichopona, usisubiri kipimo cha mwaka. Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, na uchukue vikaratasi vyote vya vipimo vya zamani.

Na yule mama wa Omurushaka afanye nini? Arudi zahanati siku nyingine, akiwa hajala na mikono yake ikiwa safi, apimwe tena. Namba ikibaki pale pale, apunguze vijiko vya chai, agawe sahani yake, atembee kutoka nyumbani hadi sokoni, na awaambie wa nyumbani kwake sababu. Ile chupa ya majani aiache ilipo. Baada ya mwaka mmoja apime tena, na avihifadhi vikaratasi vyote pamoja, kwa kuwa namba moja humwambia alipo, lakini ni namba mbili zinazomwambia anaelekea wapi.